Tawi la Tano la Mti wa Kanoni

7 Februari 1988

Kwako mwanangu Hadubini,

Pokea salamu za nyumba nzima. Wasiojua kuandika wameniagiza niwaandikie, kwa hiyo ukiona salamu zimezidi, ujue nimebeba na za majirani. Mama yako goti limepoa, anauliza kama unakula. Mama yako mdogo naye hajambo, ila amenikataza nisitie chumvi barua hii. Nimemwambia chumvi ni yangu na kalamu ni yangu, yeye aangalie jikoni kwake.

Mimi ni mzima, ila ngazi yangu imevunjika nikiwa juu yake. Nilikuwa naandika bango la duka la viatu, nimefika kwenye herufi T, ngazi ikaachia. Watu wanasema nilianguka. Sikuanguka, nilishuka haraka, na ile T niliimalizia hewani. Ukija utaiona, imenyooka kuliko zote.

Sasa la maana. Kanisa letu limetimiza miaka themanini, na kamati ikaona vema tuchore ukutani, upande wa madirisha, mti wa ukoo wa marehemu Kanoni, kasisi mkubwa aliyelijenga. Mji huu mwandishi wa mabango ni mmoja, na unamjua. Nikachora. Shina ni Kanoni mwenyewe, nimempa miwani yake na kola yake nyeupe, utadhani atakukemea. Kamati ilinipa matawi manne, watoto wake wanne. Nilipomaliza nikarudi nyuma, nikaona mti umeegemea kushoto kama mlevi, kulia kweupe. Nikaongeza tawi la tano. Babu yako, marehemu baba yangu. Chini yake baba yako na mimi, na chini ya baba yako wewe, jani la kijani kibichi. Kamati ilinung'unika, lakini rangi ilikuwa imeshakauka. Nani atabisha? Jina la Kanoni na jina letu ni moja, na mji mzima unaniita Mjukuu wa Kanoni tangu sijaota ndevu. Hata bango la karakana yangu linasema hivyo.

Nimekuwekea picha humu, waonyeshe hao madaktari wako. Waambie jina letu si la mchezo. Kuna yule daktari wa macho, mwanamke, jina letu hilo hilo. Alimfungua kipofu macho, kipofu akamtazama mkwewe, akaomba bandeji irudishwe. Ni wetu. Kuna dereva wa treni aliyesimamisha mabehewa ishirini kwa kiatu baada ya breki kukatika. Ni wetu. Yule aliyeandikwa gazetini mwezi jana kwa kuiba nyaya za simu, huyo si wetu. Huyo jina limegongana tu.

Baba yako Mdogo,
Mjukuu wa Kanoni

*

2 Machi 1988

Baba Mdogo,

Shikamoo. Mwambie Mama ninakula. Huku maabara hadubini, hizo ulizonibandika jina lake, mbili zimeharibika, tunapokezana iliyobaki, jicho langu la kulia limekuwa jekundu kama la mtu aliyekesha msibani. Mama Mdogo mwambie nashukuru kwa sweta, mikono imezidi kidogo lakini naikunja. Pole kwa ngazi.

Barua yako ilifika ikiwa imefunguliwa. Usikasirike, kosa ni lako. Kwenye bahasha huwa unaandika jina la ukoo kwa herufi kubwa za kivuli na kona, kama bango, halafu jina langu mwenyewe unalichomeka chini, dogo kama chungu. Hospitali hii ina watu wawili wenye jina hilo la ukoo: mimi, na fundi wa mashine za eksirei. Mpokea barua husoma yale makubwa tu, anatupa kwenye kisanduku chake. Tangu mwaka juzi Fundi amekuwa akifungua barua zako, anasoma mistari miwili, anacheka, ananiletea. Ndivyo tulivyojuana.

Naomba ukae chini, lakini si juu ya ngazi. Fundi anataka kunioa, na mimi nataka. Mama anajua. Nilitaka wewe ndiye upokee wazee wao, kwa kuwa baba hayupo.

Ila kuna jambo. Fundi ni wa nyumba ya Kanoni kweli kweli. Kanoni alimzaa babu yake. Aliyemlea Fundi ni dada wa huyo babu, binti wa mwisho wa Kanoni, mwalimu wa hesabu aliyestaafu. Hakuolewa, na wote tunamwita Bibi Mwalimu. Fundi alimwonyesha picha yako kwa furaha. Bibi akavaa miwani, akahesabu matawi kwa kidole, akahesabu tena. Kisha akauliza la tano ni la nani.

Kwa hiyo nakuuliza nami. Babu alikuwa mtoto wa Kanoni wa kumzaa? Naomba ndiyo au hapana, Baba Mdogo. Tukiwa ukoo mmoja, Bibi hatakubali, na Fundi hawezi kuoa bila mkono wake.

Wako,
Hadubini

*

28 Machi 1988

Mwanangu Hadubini,

Habari njema huwa zinanipandisha presha kuliko mbaya. Nimeisoma barua yako kwa sauti, mama yako mdogo amepiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani amejifungua. Mama yako goti limeanza kumuuma tena, ila analitembelea kwa maringo sasa, mkwe fundi wa eksirei si mchezo. Mvua imenyesha, karakana imevuja, makopo mawili ya rangi ya bluu yameingia maji. Ngazi nimeitengeneza mwenyewe, vidato vimepanda kidogo upande mmoja lakini nimeshazoea kutembea nikiinama.

Swali lako nimelipokea. Ni swali zuri, swali la mtu msomi, na mimi darasa la nne nililiacha mlangoni, kwa hiyo nitakujibu kwa mifano.

Kulikuwa na bondia wa jina letu, zamani kidogo. Mkono wake wa kushoto ulikuwa haujulikani utokako. Siku moja alimpiga mtu raundi ya kwanza, yule mtu akazinduka kwenye mji mwingine kabisa, anauliza basi la kurudi ni saa ngapi. Wazee wa bondia huyo nao walisumbuliwa na maswali kama yako, ukoo gani, tawi gani. Bondia akasema, nitazameni mkono, mtajua. Umeelewa?

Na hata kama ni ukoo mmoja, wafalme huoana binti wa ami na mwana wa ami na dunia haijapinduka. Mwambie Bibi Mwalimu asihesabu sana. Hesabu ni ya shuleni.

Wazee waje wakati wowote. Nitawapokea kwa koti langu la kijivu.

Mjukuu wa Kanoni

*

11 Aprili 1988

Baba Mdogo,

Shikamoo. Pole kwa rangi ya bluu. Mama mwambie asipande ngazi za kanisa na goti hilo.

Sikuuliza kuhusu bondia.

Nimekaa na barua yako wiki nzima nikitafuta ndiyo au hapana, kama ninavyotafuta mdudu kwenye kioo. Sijaona. Kazini nimemwaga dawa mara mbili kwa siku moja, msimamizi ameniuliza kama nina homa. Fundi ananisubiri langoni jioni, tunatembea mpaka kituo, kisha kila mtu anapanda basi lake.

Ni wewe mwenyewe uliyeandika kwamba mwizi wa nyaya jina limegongana tu. Kwa hiyo unajua kuwa majina hugongana. Unachagua nani agongane na nani.

Jingine sijawahi kukwambia. Baba alipokuwa hospitalini mara ya mwisho aliniambia kuwa babu alikuwa mpiga kengele wa kanisa. Nikamwuliza, si alikuwa mtoto wa Kanoni? Akacheka, akakohoa, akasema, "Kamuulize mdogo wangu, karatasi iko kwake." Nilikuwa mdogo, nikaona ni maneno ya mgonjwa.

Karatasi gani, Baba Mdogo?

Hadubini

*

20 Mei 1988

Mwanangu,

Salamu kutoka kwa wote. Samahani kwa kuchelewa, posta walikuwa wanapaka ofisi rangi, na walimpa kazi hiyo mtu asiyejua kushika brashi, imeniuma.

Kuhusu karatasi, nilikwambia karakana ilivuja. Karatasi nyingi zililowa.

Kasisi amenijulisha kwamba ndoa yenu itatangazwa kwenye kanisa letu pia, kwa kuwa wewe umebatizwa hapa. Jumapili tatu, tarehe 12, 19 na 26 Juni. Nimefurahi sana. Huyo Bibi Mwalimu afya yake ikoje? Anaweza safari?

Mjukuu

*

30 Mei 1988

Baba Mdogo,

Shikamoo. Salamu leo ni fupi, nimeandika nikiwa zamu.

Bibi Mwalimu aliniita Jumamosi, peke yangu. Chumba chake kina meza, kitanda, na saa ya mfukoni ya Kanoni iliyotundikwa msumarini. Nilidhani atanisema kwa kuwa tumeandikisha ndoa kabla hajakubali. Akaniambia nikae kitandani, akaniuliza babu yangu alifanya kazi gani, nikamjibu kama baba alivyoniambia, mpiga kengele.

"Nilikuwa na miaka saba," akasema. "Nilimkuta baba yangu amepiga magoti kwenye baraza, anamfunga kamba za viatu mpiga kengele. Viatu vipya. Sisi watoto wake hakuwahi kutufunga kamba. Nimejiuliza miaka sabini kwa nini. Sasa baba yako mdogo amenijibu ukutani."

Hakulia. Alinyoosha shuka nilipokuwa nimekaa, upande huu na upande ule, kama shuka ndiyo iliyomkosea.

Umeelewa alichoelewa? Anaamini baba yake, aliyewahubiria watu uaminifu maisha yake yote, alizaa nje na akamficha mtoto mnarani. Ndoa yangu kwake imekuwa jambo la pili. Amesema atakuja huko Jumapili ya tatu, tarehe 26, na Kasisi atakapouliza kama kuna mwenye kizuizi, atasimama. Na amesema hatakuacha mikono mitupu, maana wewe huna hatia. Atakuletea ile saa. Anasema ni fungu la tawi la tano, lilicheleweshwa tu.

Kwa hiyo ukinyamaza utapata yote uliyokuwa unayataka, Baba Mdogo. Atakuita mtoto wa ndugu yake mbele ya kanisa zima. Mimi nitarudi kwenye hadubini yangu.

Sitaandika tena kabla ya tarehe hiyo. Kama karatasi ililowa, ianike.

Hadubini

*

28 Juni 1988

Kwako Hadubini mwanangu,

Mama yako hajambo. Mama yako mdogo hajambo, na ameanza kunisemesha tena tangu juzi saa sita mchana. Majirani hawajambo, nadhani, maana wananitazama sana lakini hawaniambii.

Nakuandikia bila chumvi. Mama yako mdogo amekaa hapa pembeni kuhakikisha.

Karatasi haikulowa. Ilikuwa ndani ya kopo la vanishi lisilotumika, kwenye rafu ya juu, tangu baba yako na mimi tulipomzika mzee. Ni cheti cha ubatizo. Baba yako alitaka kitundikwe sebuleni. Mimi nikasema kitaliwa na mende, nikakiweka mbali na mende na mbali na watu. Hilo ndilo lililotufanya tusisemeshane kwa mwaka mzima, mimi na kaka yangu. Ulikuwa ukiuliza mbona baba haji kwetu, nikikwambia ana kazi nyingi.

Tangu barua yako ya Mei sikukaa kitako. Nimeandika bango la duka la dawa nikaruka herufi, mwenye duka akaniuliza DUKA LA DAA ni nini. Jumapili ya kwanza Kasisi aliposoma majina yenu nikatazama dari. Jumapili ya pili nikatazama viatu. Nilikuwa najiambia, saa ya Kanoni, jamani, saa yenyewe, itaning'inia hapa kifuani kwenye koti la kijivu. Nisikufiche, niliipangia hata mnyororo.

Jumapili ya tatu Bibi Mwalimu alikuja. Ni mfupi kuliko nilivyodhani, fimbo ni ndefu kuliko yeye. Aliingia mapema, akaenda ukutani moja kwa moja, akasimama chini ya baba yake. Nilikuwa nyuma yake. Akaniona, akanisalimu vizuri, akasema, "Pua ni ya Baba." Mwanangu, mtu hajawahi kuniambia neno tamu kama hilo, na ibada nzima nilikuwa naificha hiyo pua kwa kitabu cha nyimbo.

Kasisi akasoma majina mara ya tatu. Akauliza kama kuna mtu anayejua sababu ya kuzuia. Bibi akachomeka fimbo chini aanze kuinuka. Unajua wazee, kuinuka kwao ni safari. Goti, mkono, tena goti. Nikamtazama anavyohangaika kwa ajili ya uongo wangu, na kabla hajanyooka mimi nilikuwa nimeshasimama.

Kanisa zima likageuka. Mama yako alifunika uso, alidhani nakuzuia.

Nikasema, "Kizuizi ni mimi, Kasisi. Ule ukuta nimeudanganya."

Kasisi akaniuliza kwa upole nina maana gani, akidhani labda nimekunywa. Nikatoa cheti kwenye koti, nilikokitia asubuhi hiyo bila kujua kama nitathubutu. Nikakisoma, nawe unajua kusoma kwangu, nasoma kama naandika bango, herufi kwa herufi. Kijana wa miaka kama kumi na minne, aliyekuja kwa miguu wakati wa njaa. Mbatizaji, Kanoni. Jina la ukoo, la Kanoni, alilopewa siku hiyo kwa kuwa aliliomba. Kisha mstari wa chini, jina alilozaliwa nalo, jina la baba yake wa kumzaa, mchoma makaa, marehemu, na jina la mama yake, marehemu. Majina ambayo wewe sijawahi kukutamkia. Mimi mwenyewe nilikuwa sijayatamka kwa sauti tangu mzee afe.

Bibi alikuwa bado nusu ameinuka. Akauliza, "Baba yako alikuwa yule aliyekuwa akipiga kengele kabla ya wakati?"

"Huyo huyo, Mama. Hakuwa na saa."

"Na viatu?"

Nikamwambia alichoniambia mzee. Ngazi za mnara zilikuwa za chuma, jua likizipiga mchana zinachoma, na yeye alikuwa akipanda peku, anashuka ametoka malengelenge. Kanoni aliyaona. Akamnunulia viatu, na kwa kuwa kijana alikuwa hajawahi kuvaa viatu maishani, hakujua kamba zinafungwaje. Akafungiwa siku ya kwanza. Siku ya pili alijifunga mwenyewe.

Bibi akakaa. Akakaa kabisa, akaegemea, akafumba macho. "Malengelenge tu," akasema, si kwangu, ni kama anamwambia mtu mwingine. "Kumbe malengelenge tu."

Mtu wa nyuma akacheka, sijui alicheka nini, na wengine wakamfuata. Kasisi akasubiri, kisha akasema haoni sababu nyingine ya kuzuia, na ibada ikaendelea. Basi ndoa yako imetangazwa, Hadubini. Hakuna aliyesimama tena.

Nje, Bibi alinionyesha ile saa kwenye kiganja. Imesimama tangu Kanoni afe, ilisimama saa nne na robo. Nikamwambia basi hata ingekuwa ya mzee wangu, angeendelea kupiga kengele vile vile. Alicheka mpaka nikamshika mkono asianguke. Saa ameondoka nayo, atampa Fundi. Ni sawa. Nimeurudisha ule mnyororo dukani.

Juzi hiyo hiyo mchana nilianza kufuta tawi la tano. Rangi ya mafuta haifutiki kirahisi, nimepaka nyeupe mara tatu na bado ukisogea dirishani unaliona, kijivu, limejikunja kama mkono uliovunjika. Mti umerudi kuegemea kushoto. Bibi alikuwa ameniambia kabla hajaondoka nisije nikauacha hivyo. Kwa ruhusa yake na ya kamati, pale kulia, chini kwenye udongo, si kwenye matawi, nimechora kengele. Na chini ya kengele nimeliandika jina la babu yako alilozaliwa nalo na la baba yake mchoma makaa, kwa herufi kubwa, za kivuli na kona. Sijawahi kuandika kitu polepole hivyo, na haikuwa kwa ajili ya ngazi. Ukija utaniambia kama zimenyooka.

Bango la karakana nimelishusha. Mji huu haukawii, wameshaanza kuniita Mjukuu wa Kengele. Nimewaambia mimi si mjukuu, ni mtoto, lakini hawasikii. Bondia wa jina letu sijui kama ni wetu. Nadhani si wetu. Daktari wa macho niachie kwanza.

Wazee waje. Koti la kijivu lipo.

Utaona bahasha hii nimeiandika kwa namna nyingine. Jina lako wewe, ulilopewa na baba yako, nimelipa herufi zote kubwa nilizo nazo, limejaza bahasha mpaka pembeni. La ukoo liko chini kule kwenye kona, dogo kama chungu. Mpokea barua asikosee tena. Hii ni yako mwenyewe, ifungue wewe.

Baba yako Mdogo,
mtoto wa mpiga kengele